Muulize Anayeishi Nawe

Kila Januari makanisa yetu hufurika. Bango la kaulimbiu hutundikwa mbele, mwaka wa kuvuka, mwaka wa kumiliki, mwaka wa mpenyo. Watu huingia kwenye mfungo wa siku 21, hugawiwa ratiba ya kusoma Biblia nzima, na simu hujaa makundi mapya ya maombi. Ikifika Machi bango lingalipo, lakini ratiba imekwama kwenye Mambo ya Walawi, zile sura za ukoma na madoa ya ukutani, na kundi la maombi limegeuka la kutakiana asubuhi njema na kuchangishana harusi. Hapo ndipo swali huanza kuwafikia wachungaji, wazee wa kanisa, na sisi wenye safu za ushauri: mbona nimeokoka miaka yote hii na sioni ninakokwenda?

Wengi wanaouliza hivyo si wavivu hata kidogo. Ni watu wa ibada ya kwanza, wa kwaya, wa mkesha wa Ijumaa, wa semina ya wanandoa na kongamano la kina mama. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aongeze bidii, unamtwisha mzigo juu ya mzigo. Kinachomkwamisha, kwa maoni yangu, si uchache wa ibada. Anatafuta kukua mahali ambapo sote huwa wazuri. Kanisani tumeoga, tumevaa, tumepangiwa la kusema na wakati wa kulisema. Mkristo hukua zaidi kati yake na watu wachache wanaomjua kwa undani, hasa wale aliowakosea, na hao hao ndio wenye kipimo. Ukitaka kujua umefika wapi tangu ubatizo au kipaimara chako, mwache mchungaji apumzike. Muulize dada wa kazi. Muulize mwenye duka anayekukopesha. Muulize mdogo wako mliyegombania kiwanja cha marehemu baba.

Katika Wagalatia sura ya 5 Paulo anataja tunda la Roho kwa mambo tisa. Ukiyapitia moja moja utaona mengi hayawezi kujaribiwa ukiwa umejifungia chumbani. Uvumilivu unataka mtu wa kukuudhi. Upole unataka mtu ambaye ungeweza kumfokea na asikufanye kitu. Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwa watu, ndipo uje kwenye Biblia, maombi na kufunga. Najua makala nyingi huanzia upande wa pili.

Ukanda wetu huu umekwisha kulipitia jambo hili. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Joe Church, daktari kijana kutoka Uingereza, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Church alikuwa ametoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikokuwa akihudumu kwenye hospitali ya misheni, naye alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile. Wakakaa na Biblia zao, wakasoma na kuomba, mzungu na Mwafrika, kila mmoja akikubali mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Hapakuwa na kwaya wala umati.

Kilichofuata Gahini ndicho ninachopenda zaidi kukisimulia. Msaidizi mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoshwa na hali ya mahali pale, kazi inasuasua, naye anafikiria kuondoka. Church akamshauri aende kwanza Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi akamuuliza kwa nini mambo ya Gahini yanakwenda vibaya. Kinuka, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya, akatoa sababu zake. Nsibambi akamsikiliza, halafu akamrudisha kwake mwenyewe: kasoro ya hospitali ianze kutafutwa ndani ya moyo wa Yosiya. Njia yote ya kurudi alikuwa akishindana na neno hilo, na mtu aliyefika Gahini hakuwa yule aliyeondoka. Angalia mambo ambayo Nsibambi hakumfanyia. Hakumwekea mikono kwa vishindo, hakumwuzia kitu, wala hakumtabiria kituo kipya cha kazi chenye mshahara mnono. Alimuuliza swali, akamwambia ukweli.

Katikati ya miaka ya 1930 yaliyoanza kwa watu wachache namna hiyo yakawaka Gahini, yakavuka hadi Kigezi na Uganda nzima, yakaingia Kenya mwaka 1937, na mwaka 1939 yakafika Tanganyika kupitia Katoke, katika Kagera ya leo. Wanahistoria wanayaita Uamsho wa Afrika Mashariki. Mitaani watu wake wakaitwa walokole, na wimbo wa Tukutendereza Yesu ukajulikana hata kwa wasiojua neno lingine la Kiganda. Msingi wao ulikuwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, pale panapozungumziwa kuenenda katika nuru. Walilichukua kwa maana yake ya wazi kabisa: usiwe na pembe ya maisha yako ambayo ndugu zako hawaruhusiwi kuiona.

Aliyewahi kuingia kwenye ushirika wa wazee wa uamsho anajua ulivyo. Chumba cha mtu, mabenchi ya kuazima, watoto wamelala mkekani. Wimbo. Mmoja anasimama, anasalimu kwa jina la Bwana, anaeleza alichoonyeshwa wiki hii. Wiki hii, si mwaka aliookoka. Alimjibu mkewe kwa kiburi siku ya Jumanne, akajifanya hakumbuki. Alitumia karatasi za ofisini kwa shughuli zake. Alifurahi kusikia jirani amefukuzwa kazi. Anasema dakika mbili tatu, anakaa, watu wanaimba, mwingine anainuka. Ndipo Biblia inafunguliwa. Na walioungama hawakuwa wanyonge tu. Wamisionari, katika enzi ambayo mzungu hakutarajiwa kuomba radhi kwa mtu mweusi, walisimama mbele ya wauguzi na walimu wao wakakiri dharau yao.

Sasa tazama tulivyo leo. Mwanachama wa kikoba hukutana na wenzake kila wiki. Hisa zake zinajulikana, mkopo wake unajulikana, akichelewa anapigwa faini, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti ili asitokee wa kulifungua peke yake. Tumekubali kufuatiliwa hivyo kwa sababu ya shilingi. Lakini muulize mwanakikoba yule yule, ambaye pia ni mzee wa kanisa, ni nani anayejua kwamba amekuwa akinywa kwa siri tangu msiba wa mwanawe. Hakuna. Roho yake haina hata kufuli moja.

Ushauri wa kwanza, basi, na ukiufuata huu peke yake nitaridhika: tafuta watu wawili. Usitafute kumi. Wawe wa jinsia yako, hili walokole wa zamani walilishika kwa sababu wanazozijua, na mimi sioni kwa nini tujifanye tumekua kuliko wao. Mmoja awe amekuzidi umri au safari. Wasiwe watu wanaokutegemea kwa fedha, kwa kuwa mtu unayemlipia kodi ya nyumba hatakwambia unanuka kiburi. Tena, kabla ya kumfungulia mtu moyo, msikilize jinsi anavyozungumza habari za wengine. Anayekuletea siri za dada fulani akizifunika kwa maneno ya tumwombee, atazipeleka zako kwa dada mwingine kwa maneno hayo hayo.

Mkutane mahali penye utulivu, ana kwa ana inapowezekana. Kundi la WhatsApp si ushirika. Picha ya ujumbe wako inaweza kufika kwa mama mkwe kabla hujamaliza kuomba. Na msigeuze kikao kuwa mahakama. Kila mtu aeleze yake, si ya mume wake wala ya mchungaji. Wengi tunaungama kwa ustadi mkubwa dhambi za watu wengine. Kama umesema nimekuwa na hasira kwa sababu yule bosi ni mtu wa hovyo, hujaungama bado, umemshtaki bosi. Yakobo, sura ya 5, anaunganisha kuungamana na kuombeana, kwa hiyo mkishasikilizana ombeaneni kwa majina na kwa jambo lenyewe, kisha wiki ijayo mwulizane limeishia wapi. Kuulizwa huko kwa wiki ijayo ndiko kunakobadili mtu. Kukiri mara moja mbele ya watu wanaolia ni rahisi kuliko kuulizwa Jumamosi saa kumi jioni, juu ya kikombe cha chai, kama ulimpigia ndugu yako simu au hukumpigia.

Wakatoliki watasema wanacho kitubio, na ni kweli. Padre anafungwa na siri, na hiyo ni hazina. Lakini hata huko maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walikuwa wanatafuta mahali ambapo waamini wachache wanajuana. Jumuiya nyingi leo zinasoma somo, zinakusanya michango, zinapanga zamu za kufagia kanisa, zinatawanyika. Kama ya kwako iko hivyo usiihame. Tafuta humo humo wawili wako.

La pili linaumiza zaidi, nalo ndilo walokole walilokuwa wakiliita kutengeneza. Uamsho ulipopita mahali, watu walirudisha vitu: jembe la jirani, ng'ombe, fedha za mwajiri, kodi iliyokwepwa. Hili limepungua sana katika mahubiri yetu, na sina budi kusema kwamba ndipo ukuaji wa wengi ulipofia. Tunatubu kwa Mungu, halafu mali ya mtu inabaki kwetu.

Chukua mfanyabiashara wa viazi anayenunua kwa wakulima vijijini Njombe. Gunia limejazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kinachoshonewa kwa kamba, lumbesa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inataka mazao yapimwe kwa mizani, Wakala wa Vipimo wanakemea kila msimu, na mkulima analijua hilo, ila gari limewashwa na viazi vitaoza. Mfanyabiashara huyu anatoa fungu la kumi kwa uaminifu. Ametoa hata mabati ya kanisa. Afanye nini akiamka siku moja na dhamiri iliyo hai? Hawezi kuwapata wakulima wote wa miaka minane. Zakayo, katika Luka 19, hakusubiri orodha ikamilike: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Ninavyoona, mtu huyu aanze na gunia linalofuata. Anunue kwa kilo, hata kama msimu huu faida itapungua, hata kama wenzake sokoni watamcheka. Halafu awatafute wakulima anaowakumbuka kwa sura na kijiji, awaeleze, awalipe anachoweza kwa awamu. Sehemu ya wale asiowapata aipeleke kwa wahitaji wa vijiji vile vile. Isiende kwenye sadaka ya kanisa lake, ambako jina lake litatangazwa.

Wewe huenda hununui viazi. Lakini unalo deni lako: mshahara wa dada wa kazi uliokatwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika, posho ya safari usiyosafiri, risiti uliyoongezea sifuri, ada uliyoahidi kumlipia mtoto wa marehemu kaka mbele ya matanga. Katika Mathayo 5 Yesu anamwambia mwenye sadaka mkononi aiache pale pale madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Angalia kwamba haulizi nani alianza.

Unapokwenda kuomba radhi, nenda na maneno machache. Taja kosa kwa jina lake. Usilete maelezo ya hali uliyokuwa nayo, usitaje alichokukosea yeye, na usimdai akusamehe papo hapo ili nawe uondoke umepumua. Kama kosa ni la fedha, nenda na fedha au na tarehe. Kama ni kwa mtoto wako, pinda magoti uongee naye mkitazamana usoni. Baba anayeomba radhi kwa mtoto wa miaka sita hapunguzi heshima yake, ingawa shangazi watasema anamharibu. Na yako makosa ambayo kuyasema kwa aliyekosewa ni kumjeruhi upya, kwa mfano mawazo uliyowahi kuyawaza juu yake asiyoyajua. Hayo mpelekee Mungu na wale wawili wako, umwache mtu na amani yake.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa aliyekosewa. Festo Kivengere, mtoto wa uamsho aliyefundisha shule huko Dodoma kabla ya kurudi kwao na kuwa askofu wa Kigezi, aliikimbia Uganda baada ya askofu mkuu wake, Janani Luwum, kuuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Akiwa uhamishoni aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin inamla, na mwaka huo huo akatoa kitabu chenye jina linalotangaza kwamba anampenda Amin. Watu walishangaa, wengine walikasirika. Alichokuwa anasema si kwamba mauaji yalikuwa jambo dogo. Aliendelea kuyalaani hadharani. Kusamehe hakumfuti shahidi. Nalisema hili kwa sababu wako wanawake wanaopigwa majumbani ambao wameambiwa na viongozi wao wa dini kwamba kukua kiroho ni kuvumilia na kufunga na kuomba. Mama, ukipigwa nenda hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mwite kaka yako. Utasamehe ukiwa mahali salama.

Biblia sasa. Ile ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189, na anayesoma sura tatu kila siku na tano Jumapili huimaliza kwa mwaka. Hesabu hiyo ni sahihi, na imevunja mioyo ya watu wengi. Kwa asiye na mazoea mimi humshauri asahau mwaka, achukue kitabu kimoja kifupi akae nacho. Marko ina sura 16. Isome yote kwa wiki mbili, kisha irudie polepole kwa mwezi mzima, kipande kimoja kwa siku, ukijiuliza Yesu anamfanyia nini mtu huyu na mimi ningekuwa nani katika umati ule. Ukitoka Marko nenda Wafilipi, halafu Zaburi chache, halafu Mwanzo yenye masimulizi yake ya ndugu wanaouziana na kudanganyana. Utawatambua watu wa ukoo wako humo. Walawi itakusubiri, na utakapoifikia ukiwa umeshaijua Waebrania utaona kumbe ina utamu wake.

Tafsiri ile ya mwaka 1952 wengi tumeikariri na Kiswahili chake kina uzito wa peke yake. Ila kama hujui maana ya neno, litazame pia kwenye tafsiri ya Habari Njema. Hakuna thawabu kwa kusoma usichokielewa. Asiyejua kusoma, au ambaye macho yamechoka, asikilize: Biblia ya sauti ipo kwenye simu, na mwendo wa daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo unatosha sura kadhaa. Anayesoma kwa simu azime data kwanza. Huo ni ushauri wa kiroho kabisa.

Jihadhari na mstari mmoja mmoja unaotumwa na kituo cha maombi kila asubuhi kama dozi. Mstari uliokatwa kwenye sura yake humwambia kila mtu anachotaka kusikia. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyowaambia Paulo ndivyo yalivyo. Kama Paulo alichunguzwa, nabii wa mtaani kwako naye atavumilia.

Kuhusu maombi nitasema machache, kwa sababu yanajifunzwa kwa kuomba. Chagua saa unayoiweza. Marko 1 inamwonyesha Yesu akiamka kabla ya mapambazuko kwenda mahali pa faragha, na makanisa mengi yana ibada za alfajiri, lakini muuguzi anayetoka zamu ya usiku asijilazimishe saa kumi na moja ili ahesabiwe. Dakika kumi za kila siku zinazodumu zinashinda saa tatu za mwezi mara moja. Usipojua la kusema, omba zaburi uliyosoma. Waombee kwa majina watu usiowapenda, wiki nzima, bila kumweleza Mungu awafanye nini. Na ukae kimya kidogo mwishoni. Tumezoea kudhani Mungu hasikii mpaka spika ifike mtaa wa tatu.

Kufunga kunafaa. Kunakuonyesha haraka nani anatawala, wewe au tumbo, na ile hasira ya saa nane mchana inakufundisha mengi kuhusu upole uliodhani unao. Lakini funga kwa kiasi. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia dawa zinazotaka chakula, hao wafunge vitu vingine: mitandao, vinywaji vitamu, mpira, umbea. Chakula ulichoacha, au bei yake, kipelekwe kwa asiye nacho, vinginevyo umebana matumizi tu. Kiongozi akikuambia ufunge hadi ufe ili umwone Mungu, ondoka na watoto wako siku hiyo hiyo. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Na mjini Moshi, jioni ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa na haja, na waliahidiwa njia ya mkato.

Niongeze onyo lililotoka ndani ya uamsho wenyewe, maana nimeusifu sana. Kadiri miaka ilivyokwenda, baadhi ya ndugu waligeuza nuru kuwa tochi ya kumulika wengine. Wakaibuka waliodai kwamba wenzao wamepoa, wakakaza kanuni juu ya mavazi na mikopo, wakagawanyika Uganda na Kenya. Ushuhuda wa wiki ukageuka wimbo uliokaririwa, mtu akitaja dhambi zile zile ndogo zinazokubalika. Dalili za ugonjwa huu ni rahisi kuzijua ndani yako: unafurahia kusahihisha, unajua nani havai inavyotakiwa, na muda mrefu umepita tangu mtu yeyote akuonye nawe ukashukuru. Ukijikuta hapo, acha kushuhudia kwa kitambo. Kaoshe vyombo msibani na watu wasiokijua cheo chako.

Mwisho kuna ukavu. Utafika, hata ukifanya yote haya. Unaomba na maneno yanaanguka mezani kama punje za mchele mkavu, ibada inakuchosha, nyimbo ulizolilia zamani unazisikia kama tangazo la redio. Usihame kanisa ukiwa kwenye hali hiyo, wala usivunje uchumba, wala usitangaze kwamba umeacha imani. Waambie wale wawili wako kama ilivyo. Punguza, usiache: dakika kumi ziwe tano, sura iwe zaburi moja, na uzichague zile zisizojificha, kama ya 88, ambayo inaishia gizani na bado imo ndani ya Biblia. Endelea na matendo yasiyohitaji hisia, kumtembelea mgonjwa Jumapili mchana, kulipa deni kwa tarehe yake. Lakini kama hali hiyo imekuja na kukosa usingizi kwa majuma, chakula hakipiti, na unaanza kuwaza kwamba afadhali ungekufa, nenda ukamwone daktari wa afya ya akili, kwenye hospitali ya rufaa utampata, na mwombe mmoja wa wawili wako akusindikize. Eliya alipofika hapo, katika 1 Wafalme 19, akajilaza chini ya mti akiomba afe, alilishwa mkate na maji, akaachwa alale, akaamshwa akalishwa tena, na akatembea siku arobaini hadi Horebu kabla Mungu hajamuuliza swali lolote.